Kisima Kisichoruka

Bwenini, 2 Februari

Dada,

Shikamoo. Mwalimu wa Kiswahili anasema barua ya kirafiki lazima iulize kwanza afya ya mwandikiwa, ya nyumbani, ya majirani na ya mifugo. Sisi mifugo hatuna, kwa hiyo nauliza afya ya Ajuza. Bado anapumua? Mara ya mwisho uliniambia ile mashine yenu imenguruma kutwa nzima ndipo ikatoa ripoti ya visima, kama mtu aliyepata uchungu tangu alfajiri.

Mimi sijambo. Mwaka huu nimepewa kusimamia maktaba. Hawakunichagua kwa sababu naongea vizuri, walinichagua kwa sababu siongei. Barua hii nitampa Dereva wenu Alhamisi akija kuchota chupa ya maji ya kisima chetu mkayapime, na jibu lako ataniletea Jumamosi akipita tena. Nimemuuliza kama inamchosha kubeba barua zetu kila wiki, akasema, "Mimi nabeba maji na maneno, vyote havina uzito mpaka vimwagike." Simu bado hatuna ruhusa. Ile ya ofisini kwa Mwalimu Mkuu ni ya misiba tu.

Ile karatasi ya matokeo anayoleta, Mpishi anaichoma kwenye msumari mlangoni pa jiko. Mimi huisoma yote, hata majina ya madini nisiyoyajua, mpaka chini palipoandikwa "Hali ya kisima: salama", halafu saini yako. Napenda ule mkia unaoiwekea herufi ya mwisho.

Sasa nikuambie jambo. Redio, jirani yangu wa kitanda (anaitwa hivyo kwa sababu hazimiki), juzi alitema maji pale bombani akasema yana ladha ya kijiko. Kawaida ningenyamaza. Lakini nilisema, mbele ya foleni nzima: "Haya maji anayapima dada yangu. Yangekuwa na kasoro yeye ndiye angejua wa kwanza." Redio akajibu, "Haya, mdogo wake Waziri wa Maji, tangulia wewe." Nikanywa vikombe viwili. Naye akanywa, na foleni ikaendelea. Najua ni jambo dogo. Ila ndiyo mara ya kwanza nimesema kitu watu wakafuata.

Mpishi anakusalimu ingawa hamjaonana. Viganja vyake vimekuwa vigumu, vimejaa vidude vikavu kama punje zilizoota chini ya ngozi. Anasema ni kazi ya mwiko, miaka kumi na tisa ya kukoroga. Kuna mafuta yoyote unayoyajua?

Mdogo wako,
Kitinda

*

Ofisini, 5 Februari

Kitinda wangu,

Marahaba. Ajuza amestaafu. Tumemzima Jumatatu saa nne asubuhi, na chumba cha seva kikawa kimya hivi kwamba fundi wa umeme alikuja kuuliza nani amekata nyaya. Mahali pake ameingia mwingine, kaja kafunikwa kitambaa, watu wanne wakimsindikiza, na ofisi nzima imetoka kumtazama. Tumempa jina la Bwana Harusi.

Uliniuliza zamani kwa nini Ajuza alikuwa mzito, nikakujibu ovyo. Leo nitakujibu vizuri kwa kuwa wewe ni mtu wa maktaba. Vipimo vya kila kisima, kila wiki, kwa miaka yote, ni kama mafaili kwenye rafu. Mashine haiwezi kusoma faili likiwa kwenye rafu, lazima ilitandaze mezani. Meza hiyo ndiyo tunaiita kumbukumbu. Meza ya Ajuza ilikuwa ndogo kama kigoda. Anatandaza faili tatu, anasoma, anarudisha, anatoa tatu nyingine. Nusu ya siku yake ilikuwa kutembea kati ya meza na rafu. Bwana Harusi meza yake ni kubwa kama ukumbi wenu wa mikutano. Visima vyote, miaka yote, vinatandazwa kwa pamoja, halafu kuna makarani tisini na sita wanaosoma kwa wakati mmoja.

Ripoti iliyomchukua Ajuza saa tisa nzima imetoka kwa dakika nne. Mkuu wa ofisi alikuwa ametoka kunawa mikono. Aliporudi akaniuliza, "Umeanza?" Nikamwambia, "Nimemaliza." Akaitazama mikono yake kana kwamba ndiyo iliyomchelewesha.

Kwa sasa nimehamisha kila kitu kama kilivyokuwa, hata magongo niliyomtengenezea Ajuza asianguke. Gongo kubwa ni sharti nililoandika mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza hapa: kisima kisichoruka kisisumbuliwe. Kila kisima kinalinganishwa na wastani wake wa siku tisini zilizopita. Kikiruka ghafla, ndipo mashine inatoa historia yake yote na kuipima na vikomo. Kisiporuka, kinapita. Lilikuwa sharti la mwezi mmoja, tungoje mashine kubwa. Mashine kubwa imekuja baada ya miaka sita. Wiki ijayo nitaliondoa, nimwone Bwana Harusi akitoka jasho. Tarehe 26 Machi wageni wakubwa wanakuja kuizindua, na Mkuu ameshaagiza utepe.

Mwambie huyo Redio ulimi si kipimo. Na Mpishi ajaribu mafuta mazito kabla ya kulala, avae soksi mikononi. Acheke tu, itasaidia.

Umekunywa vikombe viwili mbele za watu? Mama nimemsomea sehemu hiyo mara mbili. Anasema wewe umetoka kwake, mimi nimetoka sokoni.

Dada yako

*

Bwenini, 9 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimemsomea Mpishi jikoni, na Redio akiwa amejipenyeza. Mpishi amecheka kuhusu soksi lakini amevaa. Redio anauliza kama Bwana Harusi ameshapata bibi harusi au bado anachagua.

Msumari wa jikoni ulijaa tangu kabla sijaja shule hii, karatasi za zamani zikawa zinatupwa kwenye boksi la unga. Nimeliomba boksi. Nimezipanga zote maktabani kwa tarehe, nikazitoboa na kuzifunga uzi. Pamoja na zilizobaki msumarini, ziko mia mbili tisini na nane, hakuna hata moja iliyopotea, na zote zina saini yako. Mwanzoni hukuwa unaweka ule mkia.

Redio sasa anajaza chupa mbili kila asubuhi. Anasema kama maji yana mlinzi rasmi, basi ayafaidi.

Ajuza mmempeleka wapi?

Mdogo wako,
Kitinda

*

Ofisini, 12 Februari

Kitinda,

Nina haraka. Nisikilize bila maswali mengi. Tumbo lako tangu utotoni halikuwa imara, Mama atakuambia. Nataka uanze kunywa maji ya mvua, yale ya tangi lililo nyuma ya maktaba. Uliwahi kuniambia yanatumika kumwagilia tu. Chemsha, chuja kwa kitambaa safi, unywe hayo. Ya bombani yaache, hata ya kupigia mswaki. Ni wewe tu mwenye tumbo hilo, kwa hiyo hakuna haja ya kuwatangazia wenzako, utachekwa bure.

Nijibu mambo mawili. Mpishi yuko hapo miaka kumi na tisa kweli, au ni namna ya kusema? Na vile vidude mikononi, ni viganjani tu au na nyayoni?

Ajuza yuko stoo.

Dada yako

*

Maktabani, 16 Februari

Dada,

Shikamoo. Nimefanya ulivyosema. Nakunywa ya mvua. Yana majani kidogo lakini nachuja.

Haikuchukua siku mbili watu wakajua. Redio alinifuata nyuma ya maktaba akanikuta na sufuria. Akasema, "Kumbe! Sisi tunywe ya kisima, Binti Sultani anateremshiwa yake toka mbinguni." Nikamwambia ni tumbo. Akasema, "Tumbo gani? Majuzi tu ulikunywa vikombe viwili kama punda ukatuamuru na sisi." Alikuwa anatania, ila aliponitazama na mimi nikaangalia chini, akaacha kutania. Tangu jana hazungumzi nami. Hujui, Dada, ni kitu gani Redio kuzimika.

Nimeitafuta barua ya Mama ya mwaka jana. Aliandika kwamba tumbo dhaifu lilikuwa lako. Mimi nilikuwa nakula hata chaki.

Mpishi ni miaka kumi na tisa kweli. Alikuja mwaka ambao kisima kilichimbwa, na anasema ndiye aliyeonja ndoo ya kwanza. Vidude viko na nyayoni. Pia ana madoadoa meusi na meupe kifuani, kama mtu aliyenyeshewa na mvua akiwa na vumbi. Alinionyesha mwenyewe bila mimi kuomba. Alidhani umeuliza kwa sababu umepata dawa. Amefurahi sana kwamba umemuuliza. Ameniambia nikuandikie hivyo: kwamba katika watu wote waliowahi kuiona mikono yake, wewe ambaye hujaiona ndiye wa kwanza kuuliza habari za miguu.

Karatasi ya Alhamisi imekuja. Salama. Saini yako ipo, lakini mkia haupo.

Dada, ni mimi tu?

Kitinda

*

Ofisini, 19 Februari

Kitinda,

Kuna mambo ya ofisini ambayo hayaandikwi kwenye barua inayobebwa na Dereva. Mkuu amesema kipimo kimoja hakitoshi, lazima sampuli zipelekwe maabara nyingine zirudiwe, na majibu yatachukua wiki sita. Yuko sahihi kwa taratibu. Mtu hapigi king'ora kwa sababu mashine mpya imesema neno moja. Mashine mpya nazo hukosea.

Endelea na ya mvua. Usimwonyeshe mtu barua hii. Mwambie Mpishi aende hospitali, kwa sababu yoyote utakayoibuni.

Nakuomba.

Dada

*

Maktabani, 24 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua hii ni ndefu na nimeiandika mara tatu, kwa sababu ya kwanza ilikuwa na matusi na ya pili ilikuwa na machozi.

Baada ya barua yako nilirudia ile ya tarehe tano, yenye meza na rafu. Umeandika vizuri, nimeelewa kila kitu. Nilipofika pale penye sharti lako, kisima kisichoruka kisisumbuliwe, nilisoma mara nyingi. Halafu nikajiuliza: je, kisima kikipanda ngazi? Mtu anayepanda ngazi haruki. Kila hatua inafanana na iliyopita. Ukimlinganisha na alipokuwa juzi, hajaenda popote.

Mimi sina Bwana Harusi. Nina karatasi ya miraba ya somo la hisabati, penseli, na karatasi zako mia tatu, ukihesabu na mbili zilizokuja tangu nizifunge uzi. Meza ya maktaba ni ndefu, nimezitandaza zote, hata za msumarini nilizoziazima kwa Mpishi. Nimeyapitia madini moja moja, kila wiki nukta moja. Mengi yamekaa kama mstari wa shati lililopigwa pasi. Moja halikukaa. Jina lake ni arseniki.

Karatasi ya kwanza ilisema sita. Ya mwisho inasema sitini na moja. Na kwenye kila karatasi, pembeni ya namba hiyo, pameandikwa "mabadiliko: hakuna".

Karatasi zako hazikuandikwa kikomo cha usalama, kwa hiyo nilikwenda kwa Mwalimu wa Kemia nikasema ni swali la ziada. Alinipa kitabu. Kikomo ni kumi. Nimeweka rula kwenye kumi nikachora mstari mwekundu. Nukta zangu ziliuvuka zaidi ya miaka minne iliyopita. Siku niliyoingia shule hii na sanduku langu, ilikuwa ishirini na sita. Unakumbuka Mama alitaka niende ile shule ya karibu na nyumbani? Wewe ulisema, "Ile nyingine maji yake nayajua mwenyewe."

Kitabu kinasema arseniki ni sumu isiyo na ladha wala harufu. Ile ladha ya kijiko ni chuma tu. Kwa hiyo Redio hakujua kitu, lakini alikuwa sahihi, na mimi niliyejua kila kitu nilikosea. Kinasema pia kuchemsha hakuitoi. Maji yanapungua, yenyewe inabaki. Mpishi huchemsha maji yetu kwa bidii kila siku akiamini anatusaidia. Na kuna ukurasa wenye picha ya viganja. Nimeufunga. Sikuhitaji kuutazama kwa muda mrefu.

Sasa naomba nikuulize, na usinijibu kuhusu tumbo. Ulijua tarehe kumi na mbili. Ulinitoa mimi, ukawaacha wengine mia nne na hamsini kwenye foleni. Ulinipa kikombe changu na kuniambia ninyamaze. Ningekuwa mtu jasiri ningewaambia siku hiyohiyo. Lakini nilikuamini, nikaona kuwa na siri yako ni heshima. Tangu siku ile wamekunywa siku kumi na mbili, Dada, na siku hizo ni za kwangu pia.

Jana nilikwenda kwa Redio na sufuria yangu ya mvua. Nilimwambia, "Kunywa haya, na ya bombani acha." Akaniuliza kwa nini. Nikamwonyesha karatasi ya miraba. Alizifuata nukta kwa kidole mpaka ya mwisho, akasema, "Na wale wadogo wa kidato cha kwanza?" Nikasema sijui. Akasema, "Unajua. Unaona haya tu kwa sababu ya dada yako." Ni kweli.

Dereva anakuja keshokutwa. Akileta karatasi nyingine ya salama, nitaibandika juu ya bomba, na pembeni yake nitabandika mchoro wangu, nisimame hapo watu waulize. Unajua jinsi ninavyoogopa kusimama mbele za watu. Nitasimama. Lakini ningependa uwe wewe.

Mdogo wako

*

Nyumbani, 27 Februari

Kitinda,

Kufikia unaposoma hii utakuwa umeshajua kwamba niliipigia shule jana. Dereva aliniletea barua yako saa nane mchana, nikaisoma nimesimama mlangoni pa chumba cha seva, kwenye ile baridi. Nilipomaliza sikwenda kwa Mkuu. Nilichukua simu.

Karani wenu wa shule aliniambia simu hiyo ni ya misiba tu. Nikasema huu ni msiba. Mwalimu Mkuu akaja, akauliza nani amefariki. Nikamwambia, "Bado." Halafu nikamweleza. Aliniuliza mimi ni nani. Nikamwambia ni yule ambaye saini yake iko jikoni kwenu.

Naomba ujue ilivyokuwa, si kwa kujitetea.

Tarehe kumi, saa tano asubuhi, niliondoa lile sharti. Nilikuwa nakunywa chai. Nilifanya kwa mchezo, nione Bwana Harusi atachukua muda gani kupima visima vyote na vikomo vyote kwa miaka yote. Ilichukua dakika sita na sekunde kadhaa. Yakatoka majina kumi na manne. Nilidhani nimekosea kuandika, nikarudia. Kumi na manne. La tatu lilikuwa la shule yenu. Chai ilipoa nikiwa nimeishika.

Nilimpelekea Mkuu. Mkuu si mtu mbaya. Alikaa, akavua miwani, akasema, "Miaka sita tumewaambia salama. Tukisema leo si salama, watatuuliza jana tulikuwa wapi. Tuhakikishe kwanza. Baada ya uzinduzi." Nikasema sawa. Nilisema sawa haraka mno, Kitinda, kwa sababu hiyo "jana" ilikuwa yangu. Sharti lina jina langu na tarehe. Halafu nikarudi mezani na kitu cha kwanza nilichofanya ni kukuandikia wewe kuhusu tumbo.

Nimekuwa nikijiambia ni kosa la Ajuza, kwamba meza yake ilikuwa ndogo, kwamba tungepewa mashine mapema tungeona mapema. Ningeendelea kuamini hivyo mpaka kustaafu. Jana umenionyesha kwamba mtoto wa kidato cha tatu mwenye penseli ameona kilekile kwa siku tatu. Namba zilikuwepo. Mimi ndiye niliyemfundisha Ajuza asizitazame, na alipokuja mwenye uwezo wa kuzitazama nikamfundisha yeye vilevile, kwa sababu nilihamisha kila kitu kama kilivyokuwa.

Karatasi mia mbili tisini na nane nilizosaini nilizisaini kwa ujinga. Mbili za mwisho nilizisaini nikijua. Zile unaweza kuniombea msamaha. Hizi mbili ni uongo. Ya wiki hii sikuwa nimeisaini bado.

Leo asubuhi nimetoa ripoti ya visima kumi na vinne, nimeituma kila panapotakiwa na pasipotakiwa, kwa jina langu, pamoja na maelezo ya sharti. Mkuu amenisimamisha kazi saa sita. Amenitaka nikabidhi ufunguo wa chumba cha seva, nikamkabidhi, na tukasimama tukisikiliza ile mashine ikivuma, yeye hana swali la kuiuliza na mimi sina ruhusa.

Dereva anakuja kesho na lori la maji safi. Aliponirudisha nyumbani amekataa kuongea nami njia nzima. Miaka yote amekuwa akibeba chupa zenu, anadhani na yeye ana mkono.

Mwambie Mpishi ni sumu ya maji, aende hospitali kubwa, asikubali kupewa mafuta ya kupaka. Mwambie ni mimi niliyemwambia habari ya soksi.

Sikuombi kitu. Kunywa maji ya lori.

Dada

*

Maktabani, 9 Machi

Dada,

Shikamoo.

Kisima kimefungwa kwa mnyororo na kufuli. Lori linakuja kila siku. Madaktari wamekaa siku mbili ukumbini wakitukata kucha na nywele kidogo kwa ajili ya vipimo. Redio alimwuliza daktari kama atarudishiwa zake. Ameanza kusema tena, ingawa kwangu bado anasema kidogo kidogo, kama redio yenye betri za zamani.

Niliposikia Mwalimu Mkuu akitangaza asubuhi ile, nilidhani nimepona, kwamba sitasimama tena. Lakini alitangaza "kasoro ya kitaalamu". Watu wakaanza kusema ni mashine. Redio akanigeukia akanitazama tu. Nikanyoosha mkono. Sauti yangu ilitoka ndogo, Mwalimu Mkuu akasema nirudie, nikarudia. Nilisema si mashine, nikasema namba zilikuwepo jikoni miaka yote, na aliyezisaini ni dada yangu, na mimi nilijua wiki mbili nikanyamaza. Halafu nikakaa. Hakuna aliyepiga makofi wala kuzomea. Msichana mmoja wa kidato cha kwanza alisogea kidogo kwenye benchi, sijui kama ni kunipa nafasi au kunikimbia.

Kwa Mpishi nilikwenda mwenyewe. Alikuwa anafunga mzigo wa kwenda hospitali. Nilimweleza yote, kuanzia sharti mpaka soksi. Alizitoa zile soksi kwenye mkoba, alikuwa amezifua, akaziweka mezani. Akauliza, "Ndiye yule aliyeuliza habari za miguu yangu?" Nikasema ndiye. Akauliza, "Alipouliza, alikuwa anajua?" Nikasema alikuwa anajua. Akakaa juu ya mzigo wake.

Nilitamani aseme kitu cha kukusamehe ili nikuandikie. Badala yake alichukua koleo, akang'oa ule msumari mlangoni, karatasi nilizozirudisha zikiwa juu yake, akanikabidhi kama mshikaki. Akasema zikae maktabani na zile nyingine, zisitupwe, kuna siku mtu atataka kuzisoma zote kwa pamoja.

Umeandika huniombi kitu. Mimi nakuomba. Hospitali aliyopelekwa iko mjini kwenu, wodi ya pili, kitanda cha dirishani. Sijui kama nimekusamehe, nikijua nitakuandikia. Lakini Mpishi alipokuwa anapanda gari aliniita, akafungua viganja vyote viwili mbele yangu, akasema, "Mwambie dada yako, yeye si mtu wa kupima? Aje apime hivi. Asitume Dereva."

Saa za kuona wagonjwa ni kumi mpaka kumi na mbili jioni.

Kitinda